Titi Si Nguo ya Kukamuliwa

Mwanamke wa Kenya akisema titi linamuuma, hujibiwa kwa neno moja kati ya mawili. La kwanza ni "vumilia." La pili ni "kamua." La kwanza hutoka kwa watu walio na haraka: daktari mwenye foleni ndefu nje ya mlango, bosi, wakati mwingine mume. La pili hutoka kwa watu wanaompenda: shangazi, mama mkwe, jirani wa ploti aliyelea watoto watano na hakuna asilolijua. Nimeyasikia yote mawili na yote mawili yamenichosha. Leo lakini nina ugomvi zaidi na hilo la pili, maana la kwanza linamwacha mtu na maumivu yake, na la pili linamwongezea mengine.

Niseme mapema mahali ninaposimama. Naamini mikono inatibu. Sijaja kuwaambia kwamba kukandwa ni mambo ya ushamba na kila kitu kimalizwe na tembe. Ninachopinga ni hii imani yetu kwamba mkono wa tiba ni lazima uumize, na kwamba mwanamke akipiga kelele ndio dawa imeingia.

Anza na neno lenyewe. Tunakamua ng'ombe, tunakamua ndimu, tunakamua nguo, tunakamua jipu. Kila mahali ni kubana kitu mpaka kilicho ndani kitoke, na kitu chenyewe hakiulizwi. Kukanda nako tunakujua jikoni: unga wa chapati unaukanda kwa kiganja na uzito wa bega, na usipotoa jasho chapati zitakuwa ngumu. Sasa tafuta neno la mguso mwepesi. Utapata kupapasa, na ukilitaja tu mezani watu wataanza kuchekana kwa macho.

Kiini cha matatizo kiko hapo. Mguso mwepesi juu ya titi tumeuachia mapenzi. Ili mkono wa shangazi usidhaniwe vingine, ni lazima uwe mgumu, wa haraka, na umtoe mtu machozi. Uchungu ndio cheti cha heshima. Mtu akikushika polepole unashtuka, akikuminya mpaka uone nyota unamshukuru.

Waliojifungua wanaijua siku ya tatu au ya nne. Maziwa yanaingia kwa fujo, na pamoja nayo damu na maji ya mwili yanajaa kwenye titi. Ngozi inang'aa kama puto. Chuchu inalala bapa, mtoto anajaribu kushika anateleza, analia, na mama naye analia. Hapo ndipo timu inaingia. Taulo limechovywa kwenye maji yanayofuka mvuke. Chupa ya maji moto inaviringishwa juu ya titi kama mtu anayesukuma chapati. Halafu chanuo, lile la meno mapana, linachana titi kutoka juu kwenda chuchuni eti maziwa "yaliyoganda" yafunguke. Mimi nilishikwa mabega na watu wawili kwenye kitanda changu mwenyewe, wa tatu akibonyeza kwa vidole gumba. Kesho yake titi lilikuwa na alama za bluu na uvimbe ulikuwa umepanda hadi kwapani.

Watu hao hao walinipikia uji, wakafua nguo za mtoto, wakalala sakafuni ili nipate usingizi. Siwachukii hata kidogo. Walifanya kile walichofanyiwa. Ninayemdai ni yule aliyesomea kazi hii, akaniruhusu nitoke wodini na tarehe ya chanjo mkononi bila kuniambia neno moja kuhusu siku ya nne.

Kwa hivyo wacha niseme hapa ambayo yangesemwa pale.

Picha tuliyo nayo kichwani ni ya sinki. Bomba limeziba, leta kitu kigumu, sukuma. Lakini ndani ya titi hakuna bomba la sinki. Kuna mirija mingi myembamba inayoungana kama matawi ya mti, na imezungukwa na mafuta, mishipa ya damu na mishipa ya limfu. Titi likijaa hivyo, mara nyingi shida ni kwamba nyama inayoizunguka mirija imevimba kwa maji na inaibana kutoka nje. Ukija na kidole gumba unaubana mrija ambao tayari umebanwa. Vimishipa vidogo vya damu vinaumia, maji zaidi yanavuja, uvimbe unaongezeka, na jioni unarudi na nguvu zaidi kwa sababu "bado halijafunguka." Halitafunguka. Unalifunga wewe.

Haya si maoni yangu ya mitandaoni. Mwaka 2022 Academy of Breastfeeding Medicine, chama cha kimataifa cha madaktari wanaoshughulikia unyonyeshaji, kilitoa mwongozo mpya kuhusu titi lililovimba na kuwaka. Unasema wazi kwamba kukanda kwa nguvu kuachwe. Weka kitu cha baridi kupunguza uvimbe. Tumia dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe kama ibuprofeni ukishauriwa. Mtoto anyonye anapotaka, na mama asihangaike kulimaliza titi mpaka tone la mwisho, kwa sababu mwili ukiona maziwa yanatolewa kupita kiasi unatengeneza mengine zaidi. Na kama mkono utatumika, uwe mwepesi, wa kusaidia limfu iondoe maji.

Limfu ni nini? Ni maji yanayobaki katikati ya nyama za mwili, ambayo hukusanywa na mishipa yake yenyewe na kurudishwa kwenye damu. Limfu ya titi, sehemu yake kubwa, huelekea kwapani. Mishipa mingi ya limfu iko karibu kabisa na ngozi na ni laini mno, kiasi kwamba ukibonyeza sana unaifunga. Ndiyo maana mkono unaofaa unaonekana kama haufanyi kitu. Mama analala chali. Unaanza na miduara midogo juu ya mtulinga na kwapani, kama unayefungua njia. Kisha unavuta ngozi polepole kutoka upande wa chuchu kuelekea kwapa na mtulinga, tena na tena. Ngozi isogee, basi. Ukiona kucha zako zinabadilika rangi kwa kubonyeza, umeshapita kiasi.

Mbinu hii ina historia. Emil Vodder na mkewe Estrid, Wadenmaki waliokuwa wakifanya kazi Cannes, Ufaransa, waliipanga miaka ya 1930, na mwaka 1936 wakaionyesha Paris. Leo wataalamu wa fiziotherapia wanaitumia, pamoja na bandeji na mazoezi, kwa wanawake waliotolewa tezi za kwapani kwa sababu ya saratani na mkono ukavimba. Kwa hivyo mtu asikwambie mkono mwepesi ni mchezo.

Wapo pia wanaokwenda upande wa pili. Hawa utawapata wakijibu kila kitu kwa "ushahidi uko wapi?" huku hawajautafuta. Ushahidi upo, na hauna makeke. Mwaka 2016 Ann Witt, Maya Bolman na wenzao wa Ohio, Marekani, walichapisha utafiti wa akina mama waliofika kliniki matiti yakiwa yamejaa au yanauma. Walikandwa polepole, wakafundishwa kukamua kidogo kwa mkono, na maumivu yalishuka papo hapo wakiwa bado pale. Shirika la Afya Duniani nalo, katika kozi yake ya kuwafunza washauri wa unyonyeshaji, linafundisha mkono ambao haugusi titi hata kidogo. Mama anakaa, anaegemea meza, analaza kichwa juu ya mikono yake. Msaidizi anapitisha ngumi pande mbili za uti wa mgongo, kutoka shingoni kushuka hadi mabegani, kwa dakika mbili au tatu. Mama akitulia, homoni ya oksitosini inafanya kazi yake na maziwa yanashuka yenyewe.

Fikiria hilo kidogo. Sisi tunamshika mtu mabega asitoroke. Wale wanamkanda mgongo alegee. Oksitosini huzuiliwa na uchungu na hofu. Mama anayeogopa mkono unaokuja ndiye maziwa yake yanagoma, halafu tunasema ana maziwa magumu.

Kuna jingine dogo, muhimu sana kwa siku ile ambayo chuchu imelala bapa. Weka ncha za vidole kuzunguka chuchu, kwenye lile eneo jeusi, bonyeza kwa upole kuelekea kifuani na uhesabu kama dakika nzima. Maji yanarudi nyuma, eneo linalainika, mtoto anapata pa kushika. Haigharimu hata shilingi. Ningelijua siku ile, chanuo lingebaki kwa nywele.

Najua mtu anajiandaa kuniambia nawadharau wazee. Hapana. Nenda Pwani uone arobaini ilivyokuwa na ilivyo hadi leo kwenye nyumba zinazoiheshimu: mzazi anakaa ndani siku 40, anakandwa kwa maji na mafuta, analishwa, hapiki wala hafui, wageni wanapokelewa na wengine. Kukandwa kulikuwa sehemu ya mapumziko. Sisi wa Nairobi tumefanya nini? Mapumziko tumeyakata, kwa sababu kodi haisubiri, tukabaki na kidole gumba. Mama anaminywa asubuhi, saa nane anachota maji ghorofani, Jumatatu anafungua duka. Hiyo huwezi kuiita mila. Ni kipande cha mila kilichotolewa mahali pake, na kikitolewa mahali pake kinakata.

Na tusijifanye kwamba titi huuma tu likiwa na maziwa. Wasichana wengi ambao hawajawahi kushika mimba wanalijua lile juma kabla ya hedhi, matiti yamekuwa mazito, hata kukimbilia matatu ni adhabu. Hayo ni mambo ya homoni, huja na kuondoka, na sidiria inayokutosha vizuri inaweza kusaidia kuliko unavyodhani. Halafu kuna maumivu ambayo hata si ya titi. Misuli ya kifua, na gegedu zinazounganisha mbavu na mfupa wa kati, zinaweza kuuma ukaapa ni titi. Daktari makini anakulaza kwa ubavu ili titi liangukie upande, kisha anabonyeza ubavu wenyewe. Maumivu yakiwa ni yaleyale, mwenye kesi ni ukuta wa kifua. Hapo mikono ya fiziotherapia ina kazi halali: kulegeza misuli, kukufundisha kunyoosha mabega, kukuuliza unabeba nini na unalalaje.

Ukaguzi huo hauchukui hata dakika mbili. Lakini ni wangapi wamelazwa kwa ubavu? Nimekaa mbele ya meza tatu tofauti kwa maumivu ya aina hiyo, na hakuna aliyenigusa. Niliambiwa "ni kawaida," nikaandikiwa tembe za kutuliza, nikapewa risiti. Ni kweli kwamba maumivu peke yake, bila uvimbe wala dalili nyingine, mara chache huwa saratani, na mwanamke anastahili kuambiwa hivyo. Lakini aambiwe baada ya kukaguliwa. "Ni kawaida" kabla ya kukaguliwa ni kufukuzwa kwa adabu.

Pengo hilo lina mfanyabiashara wake. Fungua simu yako. Kuna sehemu za urembo zinazouza "masaji ya matiti" kwa pesa ambazo mama wa Kayole angelipia kodi. Zinaahidi kutoa sumu, kunyanyua, kukuza, na kwa ujasiri wa ajabu, kuzuia saratani. Nitaliandika polepole: kukandwa hakuzuii saratani wala hakuitibu. Saratani ya matiti ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa nchi hii, na wengi wanafika hospitali imeshaenea. Kila mwezi ambao mtu anapakwa mafuta yenye harufu ya waridi juu ya uvimbe ambao haujapimwa ni mwezi ulioibwa. Uvimbe usioondoka baada ya hedhi, ngozi iliyoingia ndani au yenye vinyweleo kama ganda la chungwa, chuchu iliyoanza kuvutwa ndani, damu kutoka kwenye chuchu: hayo ni ya hospitali, leo. Na mama anayenyonyesha akipata homa, baridi na wekundu unaosambaa, au uvimbe unaouma usiopungua, naye aende hospitali, huenda anahitaji antibayotiki au kuna jipu la kutolewa usaha. Mkono mzuri unajua mahali pa kukoma. Yule wa kukuuzia hakomi mpaka M-Pesa ikatae.

Sasa nije kwa serikali, maana mambo haya huwa tunayaacha jikoni kana kwamba ni ya wanawake na mashangazi zao. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea kazini. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama miezi mitatu ya likizo yenye malipo. Wizara inataka mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Hesabu ya darasa la pili: sita toa tatu. Miezi mitatu iliyobaki mama anakamulia wapi? Wengi ninaowajua wanakamulia chooni, wamesimama, mlango ukigongwa. Wengine hawakamui kabisa mpaka jioni, titi linakuwa jiwe ndani ya basi la Embakasi, na wakifika nyumbani wanakutana na nani? Chanuo. Maumivu yale yalianzia ofisini. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2014 ulionyesha asilimia 61 ya watoto wa chini ya miezi sita wananyonya maziwa ya mama pekee, na ule wa 2022 asilimia 60. Miaka minane na hatujasogea. Kisha mabango yanaendelea kumhimiza mama, kana kwamba anayekataa ni yeye.

Ninachodai si kikubwa. Septemba 2023 serikali ilizindua kwa sherehe kubwa wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, wa kutembea nyumba kwa nyumba. Wakapewa mikoba yenye kipimajoto, mashine ya presha, ya sukari. Vizuri sana. Mikono walikuja nayo wenyewe. Wafundishwe asubuhi moja tu: mgongo dakika tatu, vidole kuzunguka chuchu dakika moja, kuvuta ngozi kuelekea kwapa, baridi, na orodha fupi ya dalili za kumpeleka mtu hospitali. Mhudumu abishe hodi siku ya tatu, kabla ya chupa ya maji moto. Tena awafundishe na shangazi na mama mkwe, mbele ya mama mwenyewe, kwa sababu hao ndio watakaobaki usiku. Na wodini, kabla mama hajatoka, mtu amwonyeshe kwa mikono. Kumpa karatasi haitoshi.

Nadai kitu kingine ambacho hakihitaji bajeti. Mkono uulize. "Nikushike?" "Hapa panauma?" "Niache?" Maswali matatu. Titi la mwanamke aliyejifungua limekuwa mali ya kila mtu anayeingia mlangoni: wanalitazama, wanalipima, wanalishika, wanalitolea hukumu kama ni la maziwa au la maji. Mwenyewe ndiye wa mwisho kuulizwa. Ukandaji unaoanza bila ruhusa umeshashindwa kazi, hata kama vidole vinajua njia.

Na nyinyi wanaume mnaosoma hii mkidhani imewapita: mgongo ule wa dakika tatu haujali ni mkono wa nani. Ni ngumi, uti wa mgongo, polepole. Ukiweza kubadilisha tairi la boda, hii unaiweza.

Mwezi huu kuna mtu unayemjua atakayejifungua, na mtaenda kumwona, maana ndivyo tulivyo. Beba barafu kwenye jagi. Beba kabeji iliyolala kwenye friji. Majani yake yakiwa baridi wengi yanawatuliza, na yakikataa mtayapika. Mtu akitoa chanuo, lichukue uliweke juu ya kabati. Kisha muulize mama kama angependa kukandwa mgongo. Akisema ndiyo, osha mikono uanze shingoni. Akisema hapana, kuna vyombo kwenye karai.